Mbwa Wakali Njiani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakimbiaji

Kama umeumwa sasa hivi, usisome kuanzia hapa juu. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya "Ukishaumwa", na hata kabla ya kuisoma fungua bomba na utafute sabuni.

Wengine wote anzeni mwanzo. Maswali haya ndiyo wanayoyarudia watu wanaokimbia barabarani, mitaani na kwenye njia za vijijini, wageni wa mazoezi na wazoefu pia.

## Kumwelewa mbwa anayefukuza

Kwa nini mbwa aliyekuwa amejilalia anainuka kunifukuza mimi, na wanaotembea anawaacha wapite?

Kwa sababu unakimbia. Mbwa ana asili ya uwindaji, na chochote kinachopita mbele yake kwa kasi humwamsha kukifuata hata kabla hajajua ni nini. Ndiyo maana mbwa huyohuyo hufukuza baiskeli, pikipiki na kuku aliyeshtuka. Kilichomwita ni mwendo wako, na mwendo huo ndio kitu cha kwanza unachoweza kukibadilisha. Majibu mengi hapa chini yanatokana na jambo hilo moja.

Sababu ya pili ni eneo. Mbwa wa kulinda nyumba hahesabu kwamba eneo lake linaishia ukutani. Mara nyingi kipande cha barabara kilicho mbele ya lango nacho ni chake. Ukifika mbio humpi nafasi ya kukutambua, na ukiondoka mbio anaona kubweka kwake kumefanya kazi, kwa hiyo kesho ataanza mapema zaidi. Sababu ya tatu ni woga. Mbwa aliyeshtushwa kwa nyuma, aliyebanwa mahali pasipo na pa kutokea, au aliyezoea kupigwa mawe huuma ili mtu amwondokee.

Inafaa kujua unashughulika na yupi. Mfukuzaji wa mwendo hulenga visigino na mashavu ya miguu, na hupoa haraka kitu kikisimama. Mlinzi wa eneo hupunguza ukali kadiri unavyosogea mbali na lango lake. Mwoga hungoja umpe mgongo. Mbwa mmoja anaweza kuwa na yote matatu kwa pamoja, lakini kwa kawaida moja huwa limetangulia.

Nikiongeza kasi siwezi kumwacha?

Huwezi. Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya marathoni Chicago mwaka 2023, kwa muda wa saa 2:00:35, alikuwa akienda wastani wa kilomita 21 kwa saa. Mbwa wa kawaida mwenye afya hufika kilomita 30 kwa saa au zaidi bila mafunzo yoyote, na wa aina ya greyhound hukaribia 70. Usain Bolt mwenyewe alipita kilomita 44 kwa saa, tena kwa kitambo kifupi sana katikati ya mita 100.

Kasi si tatizo pekee. Ukikimbia unampa mgongo, humwoni anachofanya, na ukijikwaa unaanguka chini kwa uso. Kuna hali moja tu ambapo kuondoka upesi kuna maana: mlango, geti au gari viwe hatua chache kutoka ulipo. Hata hapo, nenda kwa hatua za haraka huku ukimwona mbwa kwa pembe ya jicho.

Ni kweli kwamba mbwa anayebweka haumi?

Msemo huu umewaponza wengi. Kubweka ni onyo, na mbwa anayeonya bado anakupa nafasi ya kuamua. Usipoliheshimu onyo, hatua inayofuata ni kuunguruma, kisha kukenua meno, kisha kuuma. Wapo wanaoruka hatua zote hizo, hasa waliowahi kupigwa kwa sababu ya kuunguruma.

Anayenitia wasiwasi kuliko anayebweka ni yule anayekuja moja kwa moja kimya, kichwa kimeshuka usawa wa mabega na macho yamekukazia. Huyo amekwisha kuamua.

Alikuwa anatikisa mkia, mbona aliniuma?

Mkia unaotikisika unaonyesha kwamba mbwa amesisimka, iwe kwa furaha au kwa hasira. Mkia uliosimama wima na kutikisika kwa mitikisiko mifupi ya haraka, huku mwili mzima umekakamaa, ni dalili mbaya. Mbwa mwenye furaha hulegea mwili wote, hata kiuno kinayumba pamoja na mkia, na mdomo wake uko wazi bila kukazwa.

Tazama mwili wote kwa pamoja: manyoya ya mgongoni yaliyosimama, masikio yaliyosukumwa mbele au kulazwa kabisa nyuma, midomo iliyokazwa, weupe wa jicho unaoonekana pembeni. Anayeficha mkia kati ya miguu ni mwoga, na mwoga naye huuma (tazama swali la kwanza).

Mbwa wananusa woga?

Pua ya mbwa inaweza kutofautisha jasho la mtu mwenye hofu na jasho la mtu aliyetulia. Hilo halimaanishi kwamba hofu yako ndiyo inayomfanya akuume. Kinachomfikia haraka zaidi ni mwili wako: mikono inayorushwa, sauti kali, kugeuka ghafla. Huna haja ya kuacha kuogopa. Unahitaji tu mikono itulie na miguu isimame, na hayo yanawezekana hata moyo ukidunda kwa nguvu.

## Kabla ya kutoka

Nichague njia gani?

Njia mpya itembee kwanza kabla ya kuikimbia. Ukiwa unatembea utaona geti lisilofungwa vizuri, uzio wenye tundu, jalala ambako mbwa koko hukusanyika, na nyumba ambayo mbwa wake hawafungwi. Pale penye shaka panga kubadili upande wa barabara mapema, ukiwa bado mbali. Mbwa anayekuona ukipinda ukiwa mita hamsini hana la kulinda, lakini ukipinda mbele ya pua yake anakuona kama kitu kinachotoroka.

Fikiria pia saa. Sehemu nyingi mbwa wa ulinzi hufunguliwa usiku na kufungwa asubuhi, kwa hiyo alfajiri ndipo mkimbiaji hukutana nao wangali nje. Kama ratiba yako inaruhusu kuchelewa kidogo hadi kupambazuke vizuri, chelewa.

Vipi kuhusu vipokea sauti vya masikioni?

Ondoa, angalau kwenye vipande vya njia ambavyo huvijui. Nyayo na kucha za mbwa kwenye lami husikika sekunde kadhaa kabla hajakufikia, na sekunde hizo ndizo ulizonazo za kupunguza mwendo. Ukishindwa kabisa kukimbia bila muziki, acha sikio moja wazi.

Nibebe nini?

Kitu chochote kinachoweza kukaa kati yako na meno. Wasambaza barua wa Marekani, ambao hushambuliwa na mbwa zaidi ya mara 5,000 kwa mwaka, hufundishwa kuweka mkoba wao mbele ya mwili mbwa akija. Mkimbiaji anaweza kutumia koti jepesi lililofungwa kiunoni, chupa ya maji, au kimkoba cha mgongoni. Mbwa akiuma koti hajakuuma wewe.

Fimbo nyepesi inasaidia kwa kuinyoosha mbele yako ielekee chini, ili mbwa abaki umbali wa fimbo hiyo. Kumpiga nayo ni jambo jingine. Ukimpiga mbwa mwoga huenda akakimbia, ila ukimpiga aliyesisimka mara nyingi unamchochea zaidi. Maji ya chupa yakimrukia usoni humshtua kidogo, na wakati mwingine kidogo hicho kinatosha.

Dawa ya pilipili ya kupulizia, na vile vifaa vya sauti isiyosikika na binadamu?

Dawa ya pilipili hufanya kazi. Wasambaza barua hao wa Marekani wameibeba tangu miaka ya 1960. Ina masharti matatu: iwe mkononi au kiunoni na si ndani ya begi, uwe umeangalia upepo unatoka wapi, na iwe inaruhusiwa kisheria mahali ulipo, kwa kuwa baadhi ya nchi huihesabu kuwa silaha.

Vifaa vya sauti sivitegemei. Mbwa mmoja hugeuza kichwa na kuondoka, mwingine huja kuangalia sauti inatoka wapi, na aliyekwisha kusisimka hajali kabisa. Ukiwa nacho, kichukulie kama cha ziada na usikipe nafasi ya mpango wako wa kwanza.

Nichanjwe kabla hata sijaumwa?

Kwa mtu anayekimbia mara nyingi mahali penye kichaa cha mbwa na penye mbwa wengi wasio na mwenyewe, hasa kama kituo cha afya chenye chanjo kiko mbali, ni wazo zuri la kuongea na daktari. Chanjo ya tahadhari hutolewa kwa siku mbili, siku ya 0, yaani ya sindano ya kwanza, na ya 7. Haikuondolei wajibu wa kuosha jeraha na kwenda hospitali ukiumwa, ila matibabu yanakuwa mafupi na huhitaji tena immunoglobulini (kingamwili zilizo tayari dhidi ya virusi), ambayo sehemu nyingi ni adimu na ghali.

## Mbwa amekuja

Nifanye nini sekunde zile za kwanza?

Acha kukimbia. Akiwa bado mbali, shuka hadi mwendo wa kutembea na uendelee kuambaa mbali na lango au kitu anachokilinda. Akiwa amekaribia, simama kabisa.

Ukisimama, geuka kidogo ubavu, ili asikuone umemkabili kifua kwa kifua, lakini usimpe mgongo. Mikono iweke karibu na mwili, vidole vikunjwe. Macho yatazame miguu yake au ardhi iliyo mbele yake, ili uendelee kumwona bila kumkazia. Ukitaka kusema neno, sema kwa sauti nzito na fupi: "Toka!" au "Rudi!" Mbwa wengi wana wenyewe na wamezoea kuamriwa, na neno lolote lililosemwa kwa utulivu na uzito huwafikia.

Kisha ngoja, na kungoja ndiko kugumu. Atakuzunguka, atabweka, pengine atakunusa magoti. Mwache anuse. Akizunguka, zunguka naye polepole ili mgongo wako usibaki wazi. Wengi hupoteza hamu baada ya muda mfupi kwa sababu kile kitu kilichokuwa kikikimbia hakipo tena. Atakapolegea au kugeuza kichwa, anza kurudi nyuma hatua moja moja. Usianze tena kukimbia mpaka uwe umetoka machoni pake, kwa maana wengi hufukuzwa mara ya pili kwa kuanza mbio mapema mno.

Mazoezi ya jambo hili yanasaidia sana. Mwili unaofukuzwa hutaka kukimbia, na kichwa peke yake hakiushindi. Jizoeze katikati ya mbio zako za kawaida, pasipo mbwa: punguza, simama, geuka ubavu, kunja mikono, hesabu kumi. Rudia mpaka miguu iifuate bila kuamriwa.

Kuinama kama naokota jiwe kunasaidia?

Mahali ambapo mbwa koko wamezoea kurushiwa mawe, mara nyingi ndiyo. Wengi huondoka mtu akiinama tu, hata jiwe lisiwepo. Mbwa wa kufugwa ambaye hajawahi kurushiwa jiwe haelewi ishara hiyo, na wewe unakuwa umeshusha uso wako hadi usawa wa mdomo wake. Kwa hiyo inama akiwa mbali, usiiname akiwa amekwisha kukufikia. Kulirusha lenyewe sikushauri, isipokuwa umekwisha kukosa njia nyingine zote.

Nipige kelele?

Sauti nzito ya amri, ndiyo. Mayowe makali ya juu, hapana, kwa kuwa yanamsisimua zaidi. Kama kuna watu karibu, waite kwa sauti hiyohiyo nzito: "Mshike mbwa!"

Wakiwa kundi je?

Kundi ni hatari kuliko hesabu ya mbwa waliomo, maana mmoja akianza wengine hufuata, na wakati wa mbele wanakushughulisha mwingine huzunguka nyuma. Tafuta kitu cha kuegemea mgongo: ukuta, mti mnene, gari lililoegeshwa. Ukipata pa kupanda, panda. Huwezi kuwaangalia wote, kwa hiyo elekeza sauti na fimbo kwa yule aliyetangulia, kwani akirudi nyuma mara nyingi wenzake humfuata. Hapa dawa ya pilipili, kama unayo, usiiwekee akiba.

Mwenye mbwa anapiga kelele kwa mbali, "Haumi huyo!" Niamini?

Anasema alichokiona nyumbani, na nyumbani mbwa hakimbilii mgeni anayetweta. Endelea kusimama kama ulivyosimama, kisha mwambie waziwazi na kwa heshima: "Naomba umshike kwanza, nipite." Huna sababu ya kuona aibu, na huna sababu ya kugombana naye hapo. Ugomvi wa sauti kati yenu unaweza kumfanya mbwa amtetee mwenyewe.

Nakimbia na mtoto, au na mbwa wangu mwenyewe. Je, mambo ni yaleyale?

Mtoto mweke nyuma yako au mnyanyue kabla mbwa hajafika. Kumnyanyua ghafla mbwa akiwa amefika humfanya aruke kumfuata. Watoto wafundishwe mapema kusimama kimya kama mti, kwa sababu kimo chao huwaweka uso kwa uso na mbwa, na kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, WHO, takriban watu 4 kati ya 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15.

Ukiwa na mbwa wako, fupisha kamba na uongeze umbali mapema. Wakianza kupigana, usiingize mikono kati ya vichwa vyao, kwa kuwa hata mbwa wako mwenyewe atakuuma bila kujua ni wewe. Tumia maji, koti la kuwafunika, au kitu kipana cha kuwatenganisha.

Nimekutana na mbwa jike mwenye watoto, au mbwa anayekula.

Usisimame karibu kungoja apoe. Hawa wana kitu cha kulinda, na hawatapoa ukiwa bado karibu nacho. Rudi nyuma polepole ulikotoka, na uzunguke mbali hata kama ni kuongeza kilomita.

## Ukishaumwa

Meno bado yameshika. Nivute?

Usivute. Ukivuta mguu au mkono, jeraha la matundu linakuwa la kuchanika. Kama ameshika nguo au koti, mwachie nguo. Kama ameshika mwili, sukuma kuelekea kwake kadiri unavyoweza kustahimili badala ya kuvuta, na mtu wa karibu asaidie kwa maji au kwa kumfunika mbwa kichwa. Maumivu yatakuambia ufanye kinyume.

Ukianguka, jikunje: lala kifudifudi au ubavu, magoti yaje tumboni, viganja vishikane nyuma ya shingo, viwiko vifunike masikio na uso. Nyamaza. Shingo, uso na tumbo ndivyo vya kulindwa kwanza.

Nimetoka salama lakini nina jeraha. La kwanza ni lipi?

Maji na sabuni, dakika 15 kamili kwa kutazama saa. Maji yanayotiririka, sabuni yoyote iliyopo, ya kuogea au ya kufulia. Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate, na sabuni huviharibu kabla havijaingia kwenye mishipa ya fahamu. Kama kuna kitu kimoja tu utakachokumbuka katika ukurasa huu, naomba kiwe hiki. Watu huosha dakika moja, wanaona damu imekoma, wanaendelea na safari. Simama hapo bombani mpaka dakika ziishe. Omba maji kwenye nyumba ya karibu, hakuna atakayekunyima.

Baada ya kuosha paka dawa ya aidini au spiriti kama ipo, funika kwa kitambaa safi bila kukaza, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kama damu inatoka kwa kasi na haikomi, kandamiza jeraha kwa nguvu na utafute msaada wa dharura kwanza.

Nipake pilipili, majivu, mafuta ya taa au majani?

Hapana, hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Vinauma, vinaleta uchafu, na vinaweza kuwasukuma virusi ndani zaidi. Jeraha pia halishonwi upesi upesi, daktari ndiye ataamua lini na kama kuna haja.

Ni mkwaruzo mdogo tu. Kweli niende?

Nenda. WHO hugawa mguso katika makundi matatu. Kuguswa, au kulambwa mahali ambapo ngozi ni nzima, ni kundi la kwanza, na hakuhitaji chanjo. Kung'atwa juu juu au kukwaruzwa bila damu ni kundi la pili, na hapo chanjo inaanza mara moja. Jeraha lililopenya ngozi, au mate kuingia kwenye jicho, mdomo au ngozi iliyochubuka, ni kundi la tatu: chanjo pamoja na immunoglobulini inayodungwa ndani na kuzunguka jeraha.

Sababu ya ukali huu ni kwamba dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, nao karibu wote waliupata kwa mbwa. Chanjo inayoanzishwa mapema na kukamilishwa huuzuia. Ni mara chache katika tiba tofauti kati ya kwenda na kutokwenda huwa kubwa namna hii.

Ni zile sindano nyingi za tumboni?

Hizo ni za zamani. Siku hizi chanjo hudungwa begani, au pajani kwa mtoto mdogo. Ratiba moja inayotumika sana ya sindano za msuli ni siku ya 0, 3, 7 na dozi ya nne kati ya siku ya 14 na 28. Ratiba ya kudunga chini kidogo tu ya ngozi, sehemu mbili kwa kila ziara, ni siku ya 0, 3 na 7. Kituo chako kitakupa mojawapo. Usikatishe kwa sababu jeraha limepona, maana kupona kwa ngozi hakuhusiani na virusi.

Mwenyewe anasema mbwa amechanjwa. Ningoje kwanza?

Omba kadi ya chanjo, na uende nayo hospitali. Uamuzi uwe wa mhudumu wa afya, usiwe wa hapo barabarani. Kinachosaidia kweli ni mbwa huyo kujulikana na kuangaliwa kwa siku 10. Mbwa mwenye virusi kwenye mate huugua na kufa ndani ya muda huo, kwa hiyo akiwa hai na mzima siku ya kumi, hakuwa anaambukiza siku aliyokuuma, na chanjo yako inaweza kusimamishwa. Ila unaanza chanjo huku mkimwangalia. Ndiyo sababu pia mbwa hapaswi kuuawa papo hapo kwa hasira: ukimuua umepoteza jibu.

Imepita wiki mbili, sikwenda. Nimechelewa?

Nenda leo. Dalili kwa kawaida huanza baada ya miezi miwili au mitatu, ingawa zinaweza kuja ndani ya wiki moja au kukawia hata mwaka. Maadamu hakuna dalili, chanjo bado ina kazi ya kufanya. Usiwaze watakavyokuuliza kwa nini ulichelewa.

Mjamzito, anayenyonyesha, au mwenye kinga dhaifu anaweza kuchanjwa?

Ndiyo, wote. Mjamzito na anayenyonyesha hawana kizuizi. Mwenye kinga dhaifu aseme hali yake, kwa sababu huenda akahitaji immunoglobulini hata kwa jeraha dogo.

Ninakoishi hakuna kichaa cha mbwa. Basi nisiende?

Japani, Uingereza na New Zealand, kwa mfano, hazina kichaa cha mbwa, lakini mdomo wa mbwa una bakteria kila mahali. Majeraha ya mikononi na ya matundu membamba yaliyozama ndiyo huoza zaidi. Uliza pia sindano ya pepopunda: kama miaka mitano imepita tangu ya mwisho na jeraha ni chafu au la kina, kwa kawaida utaongezewa. Asiye na bandama aende haraka hata kwa jeraha dogo, kwa kuwa kuna bakteria wa mate ya mbwa wanaoweza kumtia sumu kwenye damu kwa muda mfupi.

## Baada ya hapo

Mbwa yuleyule ananifukuza kila asubuhi. Nifanyeje?

Zungumza na mwenyewe, ukiwa umekwenda kwa miguu, saa ya kawaida, umevaa nguo za kawaida. Mweleze saa unayopita na mahali mbwa anapotokea. Wengi hawajui, kwa kuwa wakati huo wamelala. Akikutambulisha kwa mbwa wake, mara nyingi tatizo huisha. Asiposikia, peleka taarifa kwa uongozi wa mtaa au mamlaka inayohusika na mifugo, ukiwa na tarehe na picha. Wakati unangoja, tembea kwenye kipande hicho, au badili njia.

Kumtupia chakula kila siku kunaonekana rahisi, lakini unamfundisha kukukimbilia, na mkimbiaji mwingine atakayepita kesho bila chakula ndiye atakayelipia.

Tangu niumwe nasikia mbwa kwa mbali, miguu inaishiwa nguvu. Itaisha?

Kwa wengi hupungua, ila si kwa kujilazimisha kupita palepale ulipoumiwa. Anza na njia ambayo hakuna mbwa, ukiwa na mwenzako. Kisha njia yenye mbwa waliofungwa nyuma ya uzio imara, ukitembea. Ongeza kukimbia baadaye. Ukiona usingizi umepotea au umeacha kutoka kabisa kwa wiki nyingi, muone mshauri wa afya ya akili kama ambavyo ungemuona daktari wa goti.

Nimemwona mbwa anayumba, anatokwa mate, taya limelegea. Hajanigusa. Nipite zangu?

Mwondokee mbali na usijaribu kumsaidia wala kumpa maji. Kichaa cha mbwa kina sura mbili: ya ukali, ambapo mbwa huuma hata mawe na vijiti, na ya kupooza, ambapo huonekana mpole au kama amekwamwa na mfupa kooni. Wapo wanaoambukizwa na huyu wa pili, kwa kumwingiza mkono mdomoni kwa huruma.

Kisha waambie watu walio karibu, hasa wenye watoto, na utoe taarifa kwa ofisi ya mifugo au kituo cha afya ukitaja mahali, rangi ya mbwa na alikokuwa anaelekea. Kama mate yake yalikuingia jichoni, mdomoni au kwenye mchubuko, rudi kwenye swali la mkwaruzo hapo juu: wewe ni kundi la tatu, hata kama hakuna jino lililokugusa.